Kitanda cha Dirishani

Chang'ombe, 12 Juni

Mdogo wangu Lusungu,

Eti unatafuta hoteli Kinondoni, na mie dada yako nipo! Kile kitanda cha dirishani tulichokuwaga tunakigombania nimeshakutandikia. Kiwanda cha biskuti bado kinanukia asubuhi. Utaamka na njaa kama zamani.

Umeuliza tutembee wapi. Twende kwenye maonyesho ya Sabasaba, tukale mishikaki.

Ila usiniletee viatu kama kawaida yako, niletee kitenge. Mwezi wa tatu nilikatwa mguu wa kushoto, ni hii sukari. Sikutaka kukwambia kwenye simu, ungelia mbele ya watu kazini.

Zamani Sabasaba nilikuwa nakubeba mgongoni usije ukapotea. Kiti cha magurudumu ninacho. Safari hii utanisukuma wewe.

Dada yako anayekusubiri,
Atuganile