Wale Banaitwa “Perdus de Vue”

Mujukuu wangu Ngoie,

Jambo kutoka Kapata. Nyumbani tuko bazima, na bibi yako anakusalimia sana tangu kwenye kiti ya marehemu babu yako, kaka yangu.

Unauliza kama ukubali kazi ya bure ya kusoma maandiko ya banganga ba hospitali na kuchagua yenye itasomwa mu mukutano yao. Ile kazi mi niliifanya! Balitafuta mutu moja ya cité, raia wa kawaida tu, asome pamoja nao, na mu Kolwezi yote balinipata mi tu. Maprofesa balikuwa banangoja nikohoe kwanza, ndipo baongee.

Andiko moja ilihusu kikohozi ya bachimbaji, na ilitoka hospitali yenye babu yako alikuwa anaenda. Ilisema bagonjwa fulani ni “perdus de vue”. Niliposikia “vue”, ni kusema macho, nikapiga kelele: “Maskini! Kikohozi imebapofusha na macho?”

Bakacheka mpaka machozi. Mama munganga moja akanieleza: “Hapana, tata. Ni wale baliacha kuja hospitali, hatujue biko wapi.”

Babu yako naye alichoka kwenda kule, akaacha.

“Mama,” nikasema, “kaka yangu ni moja yao. Hakupotea. Tulimuzika.”

Akaniuliza jina yake, mupole kabisa. Nikamuandikia pale pembeni ya karatasi.

Ukubali ile kazi, mujukuu. Na ukikuta yale maneno mu andiko ya mutu, usiyapite mbio. Uulize kwanza kama kuko mwenye alienda kubapigia hodi nyumbani kwao.

Babu yako mudogo,
Kalenga