Neno Nililolipitisha Kidirishani

Mbalizi, Jumatano jioni

Mayu,

Mwangaluka. Nakuamkia wewe mama yangu na Baba, na natumaini Kabula anakusomea barua hii polepole, maana namjua mdogo wangu huyo, akisoma anaruka mistari. Mguu wa Baba unaendeleaje? Mvua huko Usangu zimewakuta na malisho au ng'ombe bado wanakwenda mbali? Sisi hapa ni wazima. Mjukuu wako Tusekile ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona mtu mzima.

Simu yenu haipatikani tangu mvua zianze, na jambo lenyewe si la kuachia watu walibebe mdomoni. Mama mkwe anasema nimemvunjia heshima baba mkwe. Nataka uyasikie kwangu kwanza, yote, halafu uamue mwenyewe.

Unakumbuka mwaka jana nilipata nafasi ya chuo cha uuguzi huko Iringa, njia ya Tosamaganga. Unajua pia jinsi ilivyo nyumba hii. Kwetu ni mwanaume anayemkwepa mama mkwe wake. Kwa hawa Wanyakyusa, angalau kwa ukoo huu, ni mimi ninayemkwepa baba mkwe. Mzee akikohoa getini naingia jikoni. Miaka sita nampikia, na ninachokijua ni kofia yake na visigino vyake. Hatusemeshani. Siku ninaolewa uliniambia nikitaka kitu nimwambie mume wangu, naye atanisemea kwa wakubwa. Nikafanya hivyo. Lusajo akaenda, akarudi, akasema mzee amekataa. Nikalia wiki nzima, nafasi ikapita.

Mwaka huu niliomba tena na jina likatoka tena. Natakiwa kuripoti Jumatatu ijayo, nisipofika anapewa mwingine. Nilimwambia Lusajo mara tatu amwulize baba yake upya. Kila mara ananijibu kwamba anatafuta saa nzuri.

Sasa Jumamosi iliyopita tulisafiri ukoo mzima. Huko Mufindi, mbele kidogo ya Igowole, kuna jumba la Mzungu mmoja wa zamani aliyekuwa na shamba la chai. Limefanywa makumbusho. Baba yake baba mkwe alikuwa mpishi wa nyumba hiyo, na mzee amekuwa akisema anataka kuiona kabla magoti hayajamshinda. Lusajo akakodi gari, Noah. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mzee mbele na dereva, mimi na Tuse kiti cha mwisho kabisa, na mama mkwe akafunga khanga katikati ili nisione mbele. Kwa hiyo Mayu, usiniulize Makambako kukoje, niliiona kwa upande tu.

Jumba ni kubwa, la mawe, kila chumba kina mahali pa kuota moto. Lina piano isiyolia na beseni la kuogea lenye miguu ya chuma. Dada anayeongoza wageni alitangulia na mzee na Lusajo, sisi tukafuata chumba kimoja nyuma yao. Mama mkwe alibaki nje kwenye nyasi anatafuna mahindi ya kuchemsha, akasema nyumba ya mtu aliyekufa haimhusu. Wakati wao wanaingia chumba cha kulia, mimi na Tuse tukazungukia mlango wa nyuma tukaingia jikoni.

Katikati ya jiko na chumba cha kulia kuna kidirisha cha mbao cha kupitishia chakula. Nilimsikia yule dada akieleza upande wa pili kwamba mpishi hakuruhusiwa kuingia kule. Alikuwa anasukuma sahani hapo na kufunga. Akakifungua kuwaonyesha, halafu akaitwa nje na wageni wengine. Tuse akapanda kigoda, akachungulia.

Mzee akamwuliza yuko na nani. Akajibu yuko na mama.

Nilipaswa kutoka, Mayu. Najua. Nilikuwa nimeshashika mlango. Ila niliihesabu Jumatatu nikaona siku tisa, na saa nzuri ya Lusajo sikuiona popote. Nikarudi, nikasimama pembeni ya kidirisha, mgongo ukutani ili uso wangu usionekane, nikasema na mtoto kwa sauti ya kusikika.

"Tuse, mwambie babu mama anaomba ruhusa ya kwenda chuo. Barua imekuja tena. Mwambie naomba asikatae mara ya pili."

"Babu, mama anasema usikatae."

Nikasikia hatua upande wa pili. Nilidhani ameondoka.

"Tuse," mzee akasema, "muulize mama yako, mara ya kwanza nilikataa lini?"

Nikamwambia Tuse amwambie kuwa ni mwaka jana, jibu lilikuja na baba yake.

"Mwambie mama yako mimi sijaulizwa. Mwaka jana sijaulizwa, mwaka huu sijaulizwa."

Lusajo alikuwa humo humo chumbani, Mayu. Nilimsikia anakohoa kama mtu aliyepaliwa na uji.

Mzee hakumgombeza. Alisema taratibu, kana kwamba bado anaongea na mjukuu wake, kwamba baba yake alipika humu mpaka nywele zikawa nyeupe, na mwenye nyumba alikuwa anaiona mikono tu. Siku alipougua, akaletwa mpishi mwingine, na hakuna aliyeuliza yule wa kwanza amepatwa na nini.

"Na mimi nimekula chakula cha mama yako miaka sita," akasema, "sikujua ana shida gani. Aende. Wewe utalala kwa bibi. Na wewe Lusajo, ukipewa neno, lifikishe."

Halafu akaongeza, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Nafikiri ilikuwa ya chakula. Nililia pale pale jikoni, Tuse ananifuta na gauni lake.

Wakati wa kurudi nilimkasirikia mume wangu mpaka tukapita Makambako. Usiku, mzee alipokwisha kulala, Lusajo aliniambia ukweli: aliogopa nikienda sitarudi, watu wakisoma wanabadilika. Nilimwambia nitarudi kwa sababu mtoto wangu yuko hapa na kwa sababu nampenda, ingawa siku hiyo nilikuwa simpendi sana. Nilimwambia pia kwamba mwaka wangu mmoja ameula, na hilo halifutiki kwa samahani moja.

Mama mkwe bado ananiongelea kwa pembeni. Itapita. Jana Lusajo alinunua tranka mwenyewe bila kuambiwa. Nilijaza nguo na madaftari mpaka likagoma kufunga, akaja akalikalia, nami nikapiga kufuli. Tulicheka kidogo.

Nisalimie Baba, mwambie asiutembelee mguu huo. Nisalimie shangazi aliyenifunga khanga siku ya harusi, na kaka yangu anayechunga huko ng'ambo ya mto, na jirani yetu mama wa mapacha. Kabula, wewe nakusalimu hapa hapa unaposoma, na shule usiiache.

Mayu, sikuandikii kuomba ruhusa. Ile iliyokuwa inanikwamisha nimeiomba kwa mdomo wangu na nimepewa. Ninachotaka kwako ni baraka, na ukinikasirikia kwa haya, nibariki hivyo hivyo na hasira yako. Jumatatu asubuhi nitakuwa darasani.

Ni mimi mwanao,
Minza