Ule Mkono Wako wa Kushoto

Hai Cinema, Juba

Mdogo wangu Mwakio,

Pokea salamu za ndugu yako kutoka huku kwenye joto lisilojua adabu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima, na goti la mama limeacha kumsumbua. Mahindi ya kule bondeni yamebeba? Mimi sijambo, isipokuwa tumbo ambalo bado linabishana na maji ya huku.

Utashangaa kupata karatasi ilhali simu ninayo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka nimeukariri: "Afande, mwanangu Wakesho atajaribu uandikishaji wa wanamaji mwezi ujao. Nakuomba jambo moja tu, usiseme lolote." Siku ile nilikupigia nikiwa na nia ya kukujibu, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Kutoa amri nilifundishwa, kuomba radhi sikufundishwa. Kwa hiyo nimeandika, na barua itabebwa na dada mmoja wa benki tunayesali naye, anayeruka kwenda Nairobi Alhamisi. Ataitia kwenye basi la Voi.

Habari za huku ni hizi. Nakaa chumba kimoja nyuma ya duka la Mganda, na mkewe ndiye anayenipikia matoke na maharage. Kazi yangu iko mtoni. Kampuni ina matishali, vile vyombo bapa vinavyosukumwa na boti, vikibeba saruji na chakula kuelekea Bor na Malakal. Mimi ni msimamizi wa usalama, naangalia kamba, maboya, na mabaharia wasipande chomboni wakiwa wamelewa. Wakenya wenzangu wa mahoteli ya mtaa wa Amarat hunitania kwamba mimi ni meja wa majini aliyeishiwa na bahari. Nawajibu kwamba wenyeji mto wao wanauita bahar, kwa hiyo sijahama mbali. Wanacheka, nami nacheka nao, kisha narudi chumbani kwangu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunaajiri watu wa kamba. Niliweka meza chini ya kibanda cha mabati, foleni ikajipanga. Msimamizi wa gati ni mtu mmoja wa kabila la Wabari aitwaye Lado, ambaye Kiswahili chake alikiokota Uganda alipokuwa mkimbizi. Alipofika mtu wa sita au wa saba, Lado akatoka alikokuwa akasimama kando yake.

"Mzee, de akhu tai," akasema. "Huyu ndugu yangu. Jicho yake hii moja haioni. Nakwambia mimi, usikuje kusikia kwa watu. Lakini kamba anajua kushinda mimi."

Nikamuuliza kama haogopi watu kusema anapendelea ndugu yake.

"Watasema," akajibu. "Sasa kama mimi sisemi yeye, nani atasema? Akianguka kwa maji, mimi naruka."

Hakusema kwa ujanja wala kwa kunyenyekea. Alikuwa ananishangaa tu kwamba nimeuliza. Nilimjaribu ndugu yake kwa kamba, akafunga mafundo upesi kuliko wote, nikampa kazi upande ambao jicho lake zima linaona maji. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya mapipa ya dizeli, Mwakio, nikalia. Mzee mzima na mvi zangu.

Ya uwanja wa Wundanyi unayajua, ila upande wangu huujui. Nilikuwa kapteni wakati ule. Kwetu jeshini, afisa akipangiwa kuandikisha makurutu nyumbani kwao huomba abadilishwe. Mimi sikuomba. Nilitaka watu wa kwetu wanione nimevaa nyeupe, hasa wale waliosema kwamba mtoto wa milimani akipelekwa baharini atatapika mpaka arudishwe. Na kweli nilitapika, mwaka mzima wa kwanza, ila hilo nililificha.

Ukamaliza mbio ukiwa wa tatu. Urefu ukapita, meno yakapita. Daktari akakuambia uinue mikono, ukainua, akatikisa kichwa kukubali na tayari alikuwa anamwita wa nyuma yako. Hapo nikasikia mtu kando ya kamba iliyozungushiwa uwanja akisema, "Huyo ni ndugu ya afande. Huyo keshaingia." Maneno yale yakanichoma. Nikasema kwa sauti, ili na yule aliyesema asikie: "Daktari, angalia tena huo mkono wa kushoto. Uliwahi kuvunjika."

Nani angeujua mkono ule kunishinda mimi? Mimi ndiye niliyekupandisha mpera wa jirani ukiwa na miaka saba, kwa sababu mwenyewe niliogopa kupanda. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mpaka kwa bibi aliyekuwa akiunga mifupa. Na mimi ndiye niliyekuapisha njiani usimwambie mama ni nani aliyekutuma. Hujamwambia hadi leo. Wewe ulinifichia ukiwa mtoto mwenye maumivu, mimi nikakutoa nikiwa mtu mzima mwenye cheo begani.

Ulipogeuza viganja, mpindo ukaonekana, mdogo tu. Daktari akakufuta nambari mkononi kwa pamba yenye spiriti. Wakubwa wakanipongeza, wakasema hivyo ndivyo afisa anavyopaswa kuwa. Mchana tukala kuku hemani. Mama alikuwa amekuja na viazi vitamu vya kuchemsha, amevifunga kwenye leso, vyetu sisi wawili. Nilimwona akirudi navyo barabarani, wewe ukiwa mbele yake. Nyama ile sikuimaliza, lakini kuinuka pia sikuinuka.

Hukunigombeza hata siku moja. Ulianza tu kuniita Afande. Hata harusini kwako ulinitambulisha hivyo kwa wakwe, wakadhani ni heshima, nikasimama nikapiga saluti.

Kuna jambo sijamwambia hata mke wangu. Miaka michache baadaye nilikuwa nahodha wa boti ya doria, na mshika usukani wangu sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. Nilijua. Kila ukaguzi ulipofika nilimpanga mahali ambapo mkaguzi angesimama kushoto kwake, upande wa sikio zima, mpaka nilipohamishwa. Alikuwa hodari na ana watoto, sikuona sababu ya kumharibia. Mtoto wa watu nilimsitiri. Na mkono wako, ule uliosemekana haufai, ndio uliomjengea mama nyumba ya mawe. Nikija likizo nalala ndani yake, nasifu kuta, na sisemi ni nani aliyezipandisha.

Nimejitetea miaka yote kwamba nilisema kweli tu. Lado naye alisema kweli. Lakini alitaja kasoro akamsogelea ndugu yake, mimi nilitaja yako nikarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nalinda jina langu, basi. Jina lenyewe liko wapi sasa? Meja mstaafu, huku, anahesabiwa siku na mbu. Nisamehe, Mwakio. Nilikukosea.

Sasa kuhusu mwanetu Wakesho. Nimekuelewa. Sitampigia simu afisa yeyote, si wa kumbeba wala wa kumharibia. Lakini nina likizo ya siku kumi, na ningependa kuja, bila kofia wala medali, nisimame nje ya kamba pamoja nanyi. Kama hutaki, nitumie neno moja tu, "usije", nami nitabaki huku bila kinyongo. Kama utaniruhusu, nibakishieni kiazi kimoja. Akipita au asipopita, nitatembea nanyi kwa miguu mpaka nyumbani.

Nisalimie shemeji, mwambie chai yake ya tangawizi huku hakuna wa kuiweza. Msalimie Wakesho, mwambie baba yake mkubwa anasema akimbie kwa kutumia pumzi, asiangalie waliokaa mezani. Msalimie mjomba wetu wa Mgange, mzee wa kanisa, aniombee. Na mama mshike mkono kwa niaba yangu, lakini ile habari ya mpera usimwambie. Hiyo niachie mimi, nitamwambia mwenyewe mbele yako.

Ni mimi kaka yako, niliyekutuma mperani,

Mwandoe