Mnazi wa Posa Siku ya Kutoa Damu

Tononoka, Jumamosi usiku, Julai 1995.

Kumenyunya tangu alfajiri, mvua ile ya rasharasha tu, isiyolowesha nguo wala isiyokuacha ukazianika. Sasa imekatika. Wageni wamejinyoosha sebuleni, mkeka kwa mkeka, na mimi nimejifungia chumbani kwa Shangazi na daftari langu. Mkono wa kushoto unauma kidogo nikiuegemea. Nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijaiandika.

Leo nilikuwa niposwe. Sijaposwa.

Nianze mwanzo, maana kesho kila mtu atakuwa na hadithi yake. Shangazi ndiye aliyenilea tangu baba afariki, hapa hapa Tononoka. Jana mchana alianza kutokwa na damu nyingi, ugonjwa wa kizazi aliokuwa akiuficha miezi yote hii akisema ni uchovu. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema lazima apasuliwe, na kwamba asubuhi waje watu wawili wa jamaa watoe damu.

Wakati huo huo wazee wa kwao Charo, mchumba wangu, walikuwa wanajitayarisha kuja kutoka Rabai na mnazi wa posa, pombe ile ya kugema. Wazee wetu walikwisha kufika kutoka Kaloleni, wakiongozwa na Baba Mdogo Kazungu, ndugu yake marehemu baba.

Mtu wa bara angeuliza, si muahirishe? Mnazi hauahirishwi. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, kesho yake ni siki. Na kibuyu cha posa kikiingia kwa binti kikatoka hakijanywewa, kwetu ni nuksi ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu. Shangazi mwenyewe alituma neno kutoka kitandani: "Msinikalie matanga nami ni mzima. Mnazi unyweni."

Basi asubuhi tukaenda kutoa damu, mimi na Charo. Yeye anaendesha winchi kule bandari ya Mbaraki, mtu wa kifua kipana na maneno machache. Hakuombwa na mtu. Alisikia wanatakiwa wawili, akasema wa pili ni yeye. Nampenda kwa mambo kama hayo.

Sindano haikunisumbua. Kuinuka ndiko kulikonisumbua. Niliposimama niliona ukuta unanijia, sista akanishika bega akanirudisha chini, akaniletea soda na biskuti. Kisha akatuambia sote wawili, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulisema jambo hilo hilo: leo pombe msiiguse, hata kidogo, mpaka kesho saa kama hizi.

Charo akauliza mbona bandarini wanasema bia nyeusi hurudisha damu. Sista akacheka, lakini si kwa furaha. Akasema damu uliyotoa imeondoka na maji yake, na mwili leo unahangaika kuyarudisha hayo maji. Pombe inayatoa tena kwa mkojo. Halafu inailegeza mishipa, presha inashuka, na damu iliyobaki haifiki kichwani sawasawa. Ulichozoea kunywa na kutembea nacho, leo kitakuangusha. Na hapo palipodungwa panaweza kufumuka upya.

Tulikuwa bado tunatafuna biskuti walipomwingiza kijana mmoja, marafiki zake wamemshika makwapani huku na huku. Alikuwa ametoa damu kabla yetu. Alikuwa ametoka akavuka barabara, akajipongeza kwa bia, akaanguka na paji la uso kwenye ukingo wa lami. Alikuwa na jeraha juu ya nyusi ambamo mtu angeweza kutia kidole. Sista alimtazama, kisha akatutazama sisi.

Nikamwambia Charo: "Leo hatunywi, mimi na wewe." Akaitikia kwa kichwa.

Naandika hilo tena ili nisije nikajidanganya baadaye. Aliitikia.

Mimi si mlokole, Mungu ananijua. Mnazi naupenda. Naupenda wa asubuhi ukiwa bado na povu, na naupenda na samaki wa kukaanga. Lakini nilikuwa nimeuona ule ukuta ukinijia, na nilikuwa nimeiona ile nyusi. Tena Shangazi alikuwa anaingia chumba cha upasuaji, na nani angejua kama nisingehitajika kukimbia huko jioni? Nilirudi kwa miguu kupitia Makadara, polepole, nikinunua machungwa, na niliazimia. Nikishaazimia mimi, Shangazi husema, mlango hufunguka wenyewe au huvunjika.

Sasa tatizo. Katika ukoo wetu posa haikamiliki kwa maneno ya wazee. Binti huitwa mbele, hukabidhiwa kata ya kifuu iliyojaa mnazi, huulizwa: "Huu tuunywe?" Hajibu kwa mdomo. Hunywa. Akiimaliza mpaka chini akairudisha tupu, amekubali. Akibakisha, ana neno moyoni. Asipoinywa, amemkataa mume, na wageni hufunga virago.

Nilimweleza Baba Mdogo mapema, uani, kabla wageni hawajafika. Nilimpigia magoti kama inavyotakiwa. Nikamweleza yote ya sista. Akanisikiliza vizuri, halafu akaniambia, "Mwanangu Mbeyu, umewahi kumwona mgema asiye na damu? Mnazi ndio dawa yenyewe! Wewe unywe, jioni utakuwa na damu kuliko uliyokwenda nayo." Akanipigapiga kichwani akaondoka, ameridhika kabisa.

Mama Swaleh, jirani yetu, alikuwa amekuja kutuletea viti vya kuazima na akasikia. Akarudi kwake akaniletea dafu lililokatwa tayari. "Haya, ndoo hapa unywe, mwanangu. Sisi tulokatazwa pombe tangu hapo mbona damu zetu hurudi?" Nikanywa dafu nikacheka, mara ya kwanza leo. Nikalipeleka wazo kwa Baba Mdogo: je, nikipewa dafu ndani ya kata? Si mnazi huo huo mmoja? Akasema dafu ni la watoto na wagonjwa, na hajaona mtoto wala mgonjwa akiposwa.

Wageni wakaja. Mnazi ukaingia, madumu mawili na kibuyu kimoja kilichofungwa kitambaa chekundu. Wakaketi, wakaulizana habari za mvua, mihogo, watoto, mpaka zikaisha. Charo alikaa kati ya wajomba zake na shati jeupe la mikono mirefu, na chini ya mkono wa shati nilijua ipo pamba na plasta kama yangu. Hakunitazama.

Nikaitwa.

Kata ilikuwa imejaa hadi povu linaning'inia ukingoni. Harufu yake, wacha niseme kweli, ilinivuta. Nilijiambia, meza tu Mbeyu, lala, yaishe. Baba Mdogo akauliza kwa sauti yake ya sherehe: "Mwanangu, mnazi huu tuunywe?"

Nikasema, kwa mdomo, jambo ambalo binti hafanyi. Nikasema: "Wazee wangu, shikamooni. Charo namtaka. Mbele ya Mungu na mbele yenu namtaka. Lakini asubuhi nimetoa damu kwa ajili ya Shangazi, na hospitali wamenikataza pombe mpaka kesho. Mnazi huu leo siunywi. Nipeni kesho, nitaunywa wote."

Nikasikia redio ya jirani.

Mamake Charo ndiye aliyeanza. Hakusema nami, alisema na paa. "Msichana asiyenywa ana mwingine. Nimekua nikilisikia hilo, leo nimeliona." Mjomba mmoja akaanza kutafuta viatu vyake. Baba Mdogo akaninong'oneza kwa meno: "Onja basi, hata nusu." Nikasema, "Hapana, Baba." Nilipotikisa kichwa mnazi ukamwagikia kanga yangu, lakini niliitamka ile hapana vizuri, nayo ilisikika hadi mlangoni.

Nilikuwa naogopa kupita kiasi. Lakini sikuyumba, na hilo najivunia.

Ndipo Charo akainuka. Nilidhani, Alhamdulillahi, kama asemavyo Mama Swaleh, sasa atasema. Atawaambia na yeye ametoa. Atawaambia tulikubaliana. Akaja mpaka nilipo, akaichukua kata mikononi mwangu, akaiinua, akainywa. Yote. Kwa pumzi moja, mbele ya watu wote, kama mtu anayelipa faini.

Wajomba wakapiga makofi kabla ya kujua wanashangilia nini. Kisha wakaanza kubishana kama mume anaweza kumnywea mke, na jibu ni kwamba hawezi, haijapata kutokea. Katikati ya ubishi huo mimi nilikuwa namtazama Charo. Alirudi akaketi. Jasho likamtoka chini ya pua. Midomo ikawa rangi ya majivu. Akasimama, akafika mlangoni, nadhani atoke nje apate hewa, na ule mwili mpana ukaenda chini wote. Kidevu kikapiga ngazi ya baraza.

Mlio wake bado ninao masikioni.

Mamake akapiga ukemi kwamba tumemloga. Nikaruka juu ya mtu nikamfikia Charo, nikampa Baba Mdogo miguu yake aishike juu, na Baba Mdogo, daktari wetu wa mnazi, akaishika. Nikafungua vifungo vya shati. Mkono wa shati ulikuwa umeanza kuloa damu pale kwenye pamba. Nikamwambia mamake abonyeze hapo kwa kidole na asiachie, na kwa kuwa alipewa kazi akaacha kulia. Mama Swaleh akaja na madafu mawili, akisema, "Mtilieni kinywani kidogo kidogo, akishazindukana." Kidevu kimepasuka, jino moja limemeguka.

Alipofungua macho aliuliza, "Nimeimaliza?"

Wajomba wakacheka. Mimi sikucheka.

Walipotulia, wazee wakakata shauri. Kwa kuwa aliyekunywa si binti, posa haijakubaliwa. Kwa kuwa binti amesema anataka, haijakataliwa. Mnazi mwingine utagemwa alfajiri na kuletwa kesho adhuhuri. Mnazi wa leo wameunywa wao, usiharibike. Mamake Charo, kabla ya kulala, alinijia akanishika mkono ule wenye plasta, akautazama, akasema, "Kumbe na wewe." Nikamjibu, "Na mimi, Mama." Nadhani na huyo tumeelewana.

Habari za Shangazi zimekuja kabla ya magharibi. Ametoka chumba cha upasuaji, damu wamemwongezea, ameuliza kama nimeposwa. Aliyepeleka jibu alimwambia "kesho", naye akasema wazembe nyinyi. Nimelia kwa furaha hapa hapa kitandani pake.

Lakini Charo.

Nilikwenda kumwona pale alipolala, plasta nyingine kidevuni. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwa sauti ndogo, "Niliona wanainuka. Nilidhani nikiinywa mimi, hakuna atakayesema umenikataa." Na najua ni kweli. Hakuna uongo ndani ya mtu huyu. Alihatarisha kichwa chake ili nisiaibike, na mtu mwingine angeandika hapa kwamba hayo ndiyo mapenzi, akafunga daftari akalala.

Mimi siwezi. Nimeligeuza jambo hili jioni nzima na kila mara narudi pale pale. Nilisimama peke yangu nikasema hapana, na ilikuwa hapana ya kweli, na ilinigharimu. Aliyekuwa anajua vizuri kuliko wote kwa nini nasema hivyo alikuwa yeye. Angeweza kusema neno moja: "Na mimi nimetoa." Neno moja tu, wazee wangetulia. Badala yake alinitoa kata mikononi mbele ya watu, kana kwamba sikuwa nimesema kitu. Akawaogopa wajomba zake kuliko alivyoniamini mimi, na wajomba hao nitaishi nao miaka yote.

Leo ilikuwa mnazi. Siku nyingine itakuwa mtoto, au shamba, au kazi yangu pale duka la vitambaa.

Sitavunja posa. Simtaki mwingine. Lakini pia sitakubali kwa kunyamaza. Kesho nitakuwa nimekula, nimelala, nimekunywa maji ya kutosha, na saa za sista zitakuwa zimepita. Nitavaa kanga nyingine. Wataniita, wataniwekea kata mikononi, Baba Mdogo atauliza swali lake. Nami, kabla sijainyanyua, nitamgeukia Charo, na kidevu chake hicho kilichopasuka, nimwulize mbele ya mamake na wajomba zake wote: siku nikisema hapana, utasimama nami, au utaninywea?

Mnazi baadaye. Kwanza anijibu.