Siku Bomba Lilipokwama Mzee Garside Akiwa Kwenye Kinanda

Nambari 14, Mtaa wa Garnet,
Thornley Bridge,
Lancashire.
7 Oktoba 1973

Mdogo wangu mpendwa Clifford,

Hamjambo huko Hamilton? Lorraine na watoto wazima? Na goti lako je, uvimbe umepungua, au bado unapanda juu ya mapaa ya watu kwa mguu mmoja na ukaidi? Sisi tunashukuru. Kifua changu kimeanza mambo yake ya kila mwaka, lakini si vibaya. Shangazi Hetty ametimiza miaka tisini na bado anamfokea mwuza maziwa.

Umeniuliza kama wazimu wa shemeji yako Norris umekwisha. Haujaisha, Clifford. Umeniambukiza na mimi, na nataka nikueleze ilivyokuwa, maana kwenye simu ningelia na hela zingeisha.

Unajua nilivyokichukia kinanda kile cha mabomba, kilichokuwa kikipigwa kwenye sinema ya Empress. Sinema hiyo ilipobomolewa, Norris na Harold Pickup, yule dereva wa basi, na Bi Sugden aliyekuwa akifundisha Kilatini, walikibeba kipande kipande kwa toroli wakakileta kwangu. Miaka mitano nimelala juu ya mabomba yaliyosukumwa chini ya kitanda. Ngoma yake kubwa ilikaa kwenye beseni la kuogea hadi binti yetu Pauline akaona heri aolewe.

Mwaka huu hatimaye wamekisimamisha katika ukumbi wa ile shule ya Jumapili ya zamani, wakatangaza msimu mzima: tamasha kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, alasiri, kuanzia Aprili hadi Septemba. Kazi yangu ilikuwa chai na pai za viazi kule jikoni nyuma. Nilifungulia redio makusudi, nisisikie.

Aprili alikuja mpigaji Desmond Fairlie, koti linameremeta kama samaki wa Ijumaa, mizaha kibao. Mei alikuja msichana wa Kiholanzi, Annelies Kuiper, miaka ishirini na mitatu tu. Miguu yake ilikimbia juu ya vikanyagio hata Harold, aliyetumwa kukusanya vikombe, akasimama na sinia mkononi mpaka wimbo wa mwisho. Nilimgombeza. Akaniambia, "Shemeji, wewe nenda kaangalie, halafu uje unigombeze tena."

Sikwenda.

Juni ilikuwa aibu. Mashine ya kupuliza upepo kwenye mabomba ilizimika katikati ya wimbo wa tatu, watu wakarudi nyumbani na mvua. Bwana Openshaw, mwenyekiti wa wadhamini wa ukumbi, alimwambia Norris pale mlangoni, mbele za watu, "Haslam, kikiharibika tena, ukumbi nawapa wauza samani." Norris hakula siku mbili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Basi Julai akaja Mzee Lionel Garside. Ana miaka themanini na mmoja, haoni zaidi ya kivuli, na binti yake Beryl anamwongoza kwa kiwiko. Ujanani alikuwa akizipigia kinanda filamu zile za zamani zisizo na sauti, na ndicho alichokuja kufanya. Mapazia yakafungwa, filamu ikaanza: binti wa mlinzi wa reli, daraja limekatika, treni inakuja. Beryl alikaa karibu naye kwenye benchi akimnong'oneza kinachoonekana. "Wanakula, baba. Wanacheka. Sasa mama anainuka." Hakuwa na karatasi hata moja mbele yake.

Mimi nilikuwa nimetoka jikoni kuomba vijiko, niko hatua chache tu kutoka kwenye benchi lao. Nikasikia kitu kimoja hakiko sawa. Sauti moja nyembamba, ya juu, imebaki. Vidole vya mzee vimeshahama, yenyewe bado inalia tu. Nilimwona Bi Sugden kafumba macho. Bomba limekwama. Na Bwana Openshaw kiti cha mbele kabisa.

Mzee Garside aliinamisha kichwa kidogo. Akamwuliza Beryl, "Hao wa kwenye filamu, kuna nini jikoni kwao?"

"Birika, baba. Liko juu ya jiko."

Basi, Clifford, akaligeuza kuwa birika. Aliweka muziki mdogo wa kuchekesha chini ya sauti ile, ukawa unachemka, unatokota, na watu wakacheka wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Nilisimama na vijiko vyangu, mwili wote umesisimka.

Norris alikuwa amekwisha kuingia katika chumba cha mabomba. Mara mlango ukafunguka, mkono ukatoka, ukanivuta. "We Enid, njoo! Mimi sisikii ni lipi!"

Hapo ndipo nilipojua. Miaka arobaini katika mitambo ya kufumia imemla masikio, na sauti za juu zilikwisha kumwacha zamani. Alikuwa amejenga kinanda ambacho nusu yake haisikii, na hakumwambia mtu. Hata mimi mkewe.

Ndani ya chumba kile siwezi kukueleza vizuri. Mabomba mamia yamesimama, mengine marefu kugusa dari, mengine kama penseli, na yote yanapumua. Sikusikia muziki kwa masikio tu, niliusikia kwa meno na kwa mbavu pia. Kuongea haikuwezekana. Tukaongea kwa midomo tu, bila sauti, kama mama yetu na wenzake walivyoongea kiwandani katika kelele za mitambo. Nilimwonyesha: kushoto. Juu. Hapana, nyuma yake. Nikashika tochi. Yeye akapitisha vidole juu ya safu ile, bomba baada ya bomba, taratibu, kama anayetafuta mapigo ya moyo ya mtoto.

Huko nje, kama Beryl alivyonieleza baadaye, treni ilikuwa imeanza kuonekana kwenye filamu. Mzee akaacha birika, akaifanya sauti ile ile kuwa king'ora cha treni iliyo mbali. Akawa anaisogeza karibu. Akaiongezea magurudumu kwa miguu yake, ngurumo, na binti anakimbia katikati ya reli akipunga shali, na sakafu ilitetemeka chini yetu.

Kidole cha Norris kikasimama. Akanitazama, akasema kwa midomo, "Hili." Akalichomoa.

Sauti ile ikakatika. Treni bado inakuja, king'ora hakipo. Nikasema tumeharibu.

Papo hapo mzee akaipiga sauti ile mwenyewe, kwa bomba jingine, akaishika. Akaishika mpaka treni ikasimama hatua tatu mbele ya msichana. Hapo akaiachia, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Bwana Openshaw alilia, Clifford. Yule yule. Alikwenda kumshika mkono mzee na kumwambia kwamba king'ora kile hatakisahau, na ukumbi ni wetu mwaka mwingine. Hakuna aliyemsahihisha. Mzee Garside alipokuja jikoni kunywa chai alimwuliza Norris, "Wewe ndiye uliyening'olea bomba?"

"Ndimi, mzee. Samahani."

"Ungengoja kidogo. Nilikuwa na mipango nalo." Akacheka mpaka Beryl akamshikia kikombe.

Daktari alimpima Norris mwezi wa Agosti. Anasema ikifika mwakani hatasikia tena kitu chochote. Nililia zaidi yake. Yeye alisema tu kwamba bado ana mgongo.

Nilielewa maana yake baadaye. Tamasha mbili za mwisho tulizisikilizia mle katika chumba cha mabomba, yeye ameegemeza mgongo kwenye lile bomba kubwa la mbao, mimi kwenye kisanduku kando yake, jikoni nimemwachia Harold. Septemba alirudi yule Annelies. Alipiga mpaka nikasahau kwamba nina miguu. Alipomaliza Norris alikuwa bado amefumba macho, viganja vimebandikwa kwenye mbao. Akaniuliza kwa midomo, "Bado anapiga?"

Nikamwambia hapana. Ni watu. Wanapiga makofi.

Akaitikia kwa kichwa, na hakuondoa mikono.

Msalimie sana Lorraine, umwambie kitambaa alichotuma nimeshakishona. Wabusu Gordon na mdogo wake. Pauline na mumewe wanawasalimu, Shangazi Hetty naye anasema uandike kwa herufi kubwa. Mungu awalinde na baridi ya huko na awape afya ya kutosha kuvuka bahari mje kutuona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye vile vile siku zote,

Enid