Kama Mama Bosi Atalegea

Jumatatu, 3 Machi
Nimefukuzwa. Ndiyo hivyo. Mama anaumwa, hakuna wa kunishikia mwanangu, Kifaranga wangu, nikamficha kwenye tenga la vipande vya nguo chini ya cherehani. Akalala vizuri — kisha akaamka, we! Nikaacha kazi nimnyonyeshe. Mimi ndiye wa kola. Nikisimama, mashati yanajazana hayana shingo. Mama Bosi akashuka mwenyewe. Hapa ni kiwandani, si kliniki! Mhasibu akapanda kunitetea, akarudi anatikisa kichwa: "Madam won't relent, dada." Nikaitikia tu, kama nimeelewa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza kaka, mwalimu wa Kiingereza. "Hata kufukuzwa umefukuzwa kwa Kiingereza!" Akacheka. Kisha akaona uso wangu, akavuta kiti. Relent ni kulegeza moyo uliokuwa umekazwa: mtu amekataa, halafu huruma inamwingia, anakubali. Hata mvua kali ikipungua husemwa hivyo. Asili yake Kilatini, kulainika. Zamani Waingereza walilitumia hata kwa kitu kinachoyeyuka. Kuyeyuka! Nimelipenda.
Nikamuuliza, mimi je, naweza ku-relent? Akasema inategemea umemkazia nani.
Mimi? Mkononi nilikuwa na nepi.

Jumatano, 5 Machi
Kaka anasema relentless ndilo analolisikia zaidi. Asiyelegea. Basi Waingereza wenyewe wanajuana.
Kifaranga kataka chupa ya dawa ya bibi yake. Nimemnyima. Kalia mpaka kwikwi. Mama, kitandani: "Una roho ya Mama Bosi, wewe!" Tukacheka. Sikumpa. Nikambusu machozi yote.

Alhamisi, 6 Machi
Baba yake Kifaranga hapokei simu. Nimechoka. Kesho nakwenda getini kwa kiwanda.

Ijumaa, 7 Machi
Niko getini, Kifaranga mapajani. Mama Bosi aliposhuka garini, maneno niliyopanga yote yakaniruka. "Nihurumie, mama." Basi. Kifaranga akamkamata kidole — naye akamwachia akishike! Akatabasamu kabisa. Ana meno mangapi? Mawili, mama. Matumaini yakanipanda.
Akamgeukia mlinzi: jua hili litamuumiza mtoto, mpe mama yake kiti, akae kivulini. Akaingia ndani.
"Tulia, shemeji," mlinzi kaniambia, "labda atakuita."
Nimetulia. Kiti kizuri, kina mto.
Sasa amekuja binti, mkasi wake kwenye mkoba, viatu kavipiga rangi. Ananiamkia kwa adabu. Samahani dada, walioitwa kwa nafasi ya kola wanasubiri hapa?
Mlinzi anatazama barabarani. Binti bado kasimama, ananingoja nijibu.