Mistari ya Kijivu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini jicho linaendelea vizuri, na kwamba unamtii daktari, huinami wala hupulizi moto. Najua amekukataza kusoma mpaka upate miwani, kwa hiyo namwomba anayekusomea asome polepole na asiruke mahali, hata akifika pagumu. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na chakula nakila kwa kujilazimisha.

Uliuliza kama ni kweli Mjomba amesimamishwa kazi, maana kila ukimuuliza mwenyewe anakwambia yuko likizo ya kukuuguza wewe, dada yake. Ni kweli, Mama. Leo ni siku ya kumi na moja.

Unajua kwamba mimi ni karani wa kumbukumbu katika stoo ya chanjo, na kwamba Mjomba ndiye aliyeandika programu inayolinda jokofu letu. Huiandika ndani ya programu nyingine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama daftari lenye akili: ukikosea inapiga mstari mwekundu chini ya kosa, ukisitasita inakumalizia neno. Sisi tunaiita Mwalimu. Muuguzi wa chanjo hupenda kuchungulia begani kwangu na kusema laiti mume wake naye angepigiwa mstari mwekundu kabla hajafungua mdomo. Mjomba alinifundisha kuitumia kila alasiri nikimaliza mafaili, kwani alisema hataki nizeeke nikigonga mihuri.

Mwalimu ana tabia moja zaidi. Akiona kipande cha maandishi ambacho hakuna kipande kingine kinachokiita, anakififisha kiwe cha kijivu, kama karatasi iliyosahauliwa juani, na pembeni anajitolea kukifuta. Tangu wiki ya kwanza Mjomba alinionya kwamba chekundu nirekebishe mwenyewe, lakini cha kijivu nimuulize kwanza, maana Mwalimu anayaona ya darasani tu, ya nje ya ukuta hayaoni.

Basi Jumapili ile umeme ulikatika asubuhi mpaka jioni. Siku zote jokofu likianza kupata joto, kipimajoto chake huamsha programu, vyote vikitumia betri, nayo humpigia muuguzi simu, aje mbio ahamishie chanjo kwenye masanduku ya barafu. Siku hiyo simu ilikaa kimya. Jumatatu chanjo zote zikawa za kutupwa. Kina mama zaidi ya mia waliokuja na watoto mgongoni wakaambiwa warudi nyumbani. Mmoja, aliyetoka kwake kwa miguu alfajiri, aliniuliza kwa upole kama kesho zitakuwepo. Nikainamia rejista yangu, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, alipoifungua programu hakukiona kipande cha kupiga simu. Alisema mbele yetu sote kwamba huenda hakikuwahi kuandikwa, ila Mjomba alijisifu tu. Mjomba alijibu kwamba programu ina jina lake, na kwa hiyo yaliyomo na yasiyomo yote ni juu yake. Akaulizwa nani mwingine hugusa mashine ile. Akasema mashine ni yake. Alinitazama mara moja tu, bila hasira, akachukua kikombe chake akaondoka. Baadaye fundi wa majokofu alitania ukumbini kwamba kumbe mlinzi wa mzee naye alikuwa amelala fofofo. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mama.

Kipande kile kilikuwepo. Nilikifuta mimi.

Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo Mjomba alikuwa nawe hospitali ya macho. Nilitaka akirudi akute ukurasa safi, bila wekundu wala ukijivu, aseme mpwa wake amekomaa. Nilikiona kimefifia. Nililikumbuka onyo lake, nikajiambia nisimsumbue mtu anayekaa na mgonjwa. Mwalimu akajitolea kufuta, nikakubali. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kumbe aliyekiita kipande kile ni kipimajoto cha jokofu, na hicho kiko nje ya ukuta.

Kuna jambo sikulijua hadi juzi. Mwalimu huweka historia ya kila badiliko, kwa siku na saa. Kipande kimo humo kizima, na Alhamisi saa tisa na dakika ishirini imeandikwa pale, saa ambayo wewe mwenyewe ulikuwa umeshika mkono wa Mjomba ukisubiri kuitwa. Chini yake kuna amri ya kufuta historia yote. Siku tatu nimeweka kidole juu ya amri hiyo, nikakiondoa, nikakirudisha.

Leo mchana nimeuchapisha ukurasa huo, nimeutia sahihi, nimeuweka mezani kwa mfawidhi. Anarudi saa nane. Sasa ni saa saba na nusu, na mlango wake hauna kufuli, ningeweza kuingia nikauchukua. Ndiyo maana naitia barua hii posta sasa hivi, ili hata mikono ikinisaliti, maneno yawe yameshaondoka.

Mjomba, najua ni sauti yako inayosoma haya. Nisamehe kwa kukutamkisha kosa langu kwa kinywa chako. Ningekuandikia wewe, ungeichana na kusema imepotea njiani. Mbele ya Mama huwezi.

Mama, msalimie kila anayeuliza habari zangu, na mwambie huyo aliye mbele yako anywe maji kwanza kabla hajasema neno. Jicho lisiguswe.

Kifungua mimba wako,
karani wa stoo, kama bado ni karani